Amplifaya Isiyopasha

Leo alfajiri umande uliganda juu ya viazi,
Njombe nzima ikawa kama imenyunyiziwa chumvi,
na kufuli la kibanda nimelifungua kwa mikono miwili
maana vidole vilikataa ufunguo.

Miaka ishirini na mbili, hapa mezani
ilikaa amplifaya ya baba:
kilo kumi na nne za transfoma na mapezi ya alumini.
Ilikunywa umeme kama mtu wa msibani anywavyo ulanzi,
sauti kidogo, joto tele.
Paka alilala juu yake. Soksi zilikaukia hapo.
Baba aliegesha kikombe cha chai kwenye mapezi
akasema, "Huyu anaimba huku akipika."

Jana nimeiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.
Nimeweka hii, nyembamba kama kitabu cha nyimbo.

Luvanda wa kwaya akaigonga kwa ukucha.
"Hii dijitali," akasema. "Inageuza sauti kuwa namba.
Mzee Mwalongo utamsikia hesabu tupu."

Si namba, Luvanda.
Umewahi kumwagilia kinyungu?
Umesimama mferejini na ubao mkononi.
Ubao juu, maji yanapita yote.
Ubao chini, hata tone.
Ukitaka mengi, unachelewa kuushusha;
ukitaka kidogo, unawahi.
Sasa fanya hivyo mara laki nne kwa sekunde moja
(mkono ni wa transista, hauna bega la kuuma)
na chini yako chimba kidimbwi.
Kidimbwi hakiuoni ubao.
Kinapanda taratibu, kinashuka taratibu,
na bata juu yake hawajui kama kuna mtu anahangaika huko juu.
Kidimbwi ni hiki hapa: koili, na kapasita pembeni.
Na anayeamua ubao ukae juu muda gani
ni sauti yenyewe, inaposhindanishwa kimo
na wimbi lenye meno kama msumeno wa Mafinga.
Sauti ikilipita jino, fungua.
Jino likiipita sauti, funga.
Hakuna kinachoandikwa mahali. Ni upana tu.

Luvanda akanyamaza, akavuta kola ya koti,
kisha akauliza la maana:
"Na akinyamaza je?"

Hilo sikuwa na jibu lake mdomoni.
Nikatia kaseti.
Baba yuko Uwemba, harusi ya mwaka tisini na nne,
anachomekea Kibena, anakohoa,
kikohozi kile chenye vumbi la pareto,
halafu analisahau jina la bibi harusi.
Wote tunapajua hapo. Sekunde tano. Sita.

Nikagusisha kipimo kwenye waya.
Ubao haukuwa umesimama.
Juu, chini, juu, chini,
muda wa kufungua sawasawa na muda wa kufunga,
ndipo kidimbwi kikatulia tuli.
Kumbe kimya chake si usingizi.
Ni kazi ileile, imepimwa isielemee upande wowote.

"...Atukuzwe," baba akakumbuka, na watu wakacheka.

"Basi anasahau vilevile," alisema Luvanda,
akavua kofia, akaivaa tena.

Vilevile.

Nikaweka kiganja juu ya bodi. Baridi.
Umeme karibu wote umekwenda kwenye spika,
haukubaki wa kupasha hata kijiko.
Vizuri, Luku ya elfu tano itafika Jumapili,
nilijiambia hivyo mara mbili.

Paka akapanda mezani.
Akainusa, akaigusa kwa unyayo mmoja,
akageuka kunitazama
kama mimi ndiye niliyemuuza baba kwa kilo.

Nikatoka nje kuwasha mkaa.